Spika ya besi inakwaruza sauti ikipanda

Ndugu yangu wa Ujiji, unasema spika yako ya inchi 12 inakwaruza ukumbini ukipandisha sauti, ingawa taa nyekundu ya amplifaya, ile inayoonya kuwa imezidiwa, haiwaki. Usinunue amplifaya kubwa kama ulivyoshauriwa, utaiua spika kabisa.

Tazama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni (ile sehemu ya mbele inayotetema) na kukaa ndani ya sumaku. Ikiwa na urefu wa milimita 16, na bamba la sumaku lina unene wa milimita 8, koni ina milimita 4 tu za kusogea kila upande, mbele na nyuma. Ikizidi hapo koili inaanza kutoka kwenye sumaku, na sauti inaharibika. Besi nzito ndiyo inayomaliza nafasi hiyo: kwa sauti ya kiwango kilekile, hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) inataka koni isogee mara nne ya hezi 80. Kata kuanzia hezi 45 kushuka kwenye mikisa, hasa kama boksi lina tundu la kupitishia hewa.

Kisha zima umeme, weka vidole kuzunguka kifuniko cha katikati, sukuma koni taratibu, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa chuma: imeungua, imepinda, au spaida (kitambaa chenye mikunjo kinachoshikilia koili katikati) imebanduka upande mmoja na kuivuta. Hapo kukata besi hakusaidii, mpelekee fundi.