Mgeni haambiwi "itadaite"

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma Fukuoka, Japani, mwaka wa pili. Juma lililopita nilimwalika profesa wangu, nikampikia pilau. Nilipomwekea sahani nikasema, "Dōzo, itadaite kudasai," nikikusudia "Karibu, kula tafadhali." Alikula na kushukuru, ila baadaye mwenzangu Mjapani akaniambia mgeni haambiwi hivyo. Mbona wao husema itadakimasu kila mlo? Tena nalikuta neno hilo kwenye barua pepe zisizohusu chakula kabisa.
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Salamu yako yenyewe ina jibu. Shikamoo hupanda, kutoka kwako kuja kwangu. Siwezi kukuagiza unipokelee shikamoo yangu. Itadaku, kitenzi kinachozaa itadaite na itadakimasu, nayo hujishusha, na anayejishusha ni yule anayekula au kupokea. Ulipomwambia profesa "itadaite", ulimtaka ajinyenyekeze mbele ya sahani yako. Mwenye nyumba husema, "Dōzo, meshiagatte kudasai." Meshiagaru humpandisha mlaji.

Asili ya itadaku ni kuweka kitu juu ya kichwa, na herufi yake ndiyo hiyo hiyo inayoandika kilele cha mlima. Nilipokaa Kobe, bibi wa jirani alikuwa akiniletea machenza wakati wa baridi. Nilikuwa nikiyapokea kwa mikono miwili, nikiinamisha kichwa, nasema itadakimasu. Mwili ulilielewa neno kabla ya daftari langu.

Sasa hizo barua pepe. Itadaku ni unyenyekevu wa taberu na nomu, kula na kunywa, lakini pia wa morau, yaani kupokea. Kiswahili chetu kinakusaidia hapa kuliko kitabu chochote nilichosomea. Tunasema "mwalimu amenipa kitabu", tunasema pia "nimepewa kitabu na mwalimu". La kwanza ni Sensei ga hon o kudasaimashita. La pili ni Sensei ni hon o itadakimashita. Tazama kijineno "ga" baada ya Sensei kilivyogeuka kuwa "ni": katika sentensi ya pili mwenye tendo ni wewe uliyepewa, hata kama hukujitaja. Wengi huteleza hapo, wakaweka ga, na sentensi ikamshusha mwalimu.

Na kinachopokelewa si lazima kiwe kitu cha kushika. Ukitaka profesa akusahihishie kazi, andika Naoshite itadakemasu ka, yaani "naweza kupata kusahihishiwa nawe?" Ni ke, si ki. Ukiandika itadakimasu ka, ombi limepotea. Andika kwa mkono mara kumi mpaka vidole vizoee.

Kuhusu ile pilau, usimwandikie profesa radhi ndefu, alijua ulichokusudia. Mwandikie Kite itadaite, ureshikatta desu: kuja kwake umekupokea, ukafurahi. Na siku akirudi, mwekee sahani, sema meshiagatte kudasai, kisha nyamaza umwachie yeye aseme itadakimasu.