Mungu Hakukutuma Uchukue Hela ya Mbao

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Magomeni hapa Bagamoyo, nina miaka 9 kwenye ndoa na watoto 3. Niliokoka mwaka juzi na tangu hapo nimeamua Mungu awe wa kwanza. Tatizo ni mume wangu. Ni fundi seremala, anasali Misheni, kwa Wakatoliki, Jumapili tu, basi. Nikijitenga kwa maombi ananuna, siku hizi analala sebuleni. Jumanne na Alhamisi nina kwaya, Jumatano maombi, Ijumaa mkesha, naye hataki. Amemleta mama yake anipeleleze. Ndiye anayewaamsha watoto kwenda shule na maneno yake hayaishi. Mwezi uliopita nilitoa sadaka ya nadhiri, Sh 400,000 zilizokuwa kabatini, akanigombeza mbele ya watoto. Wenzangu wanasema ana roho ya upinzani, niikemee. Biblia inasema tuutafute kwanza ufalme wa Mungu. Nifanyeje abadilike?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kugombezwa mbele ya watoto. Hapo mumeo alikosea, angesubiri wakalala. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia namhurumia yeye.

Tuanze na kabati. Unasema hela "zilizokuwa kabatini", kana kwamba ziliota humo. Zingekuwa zako, za kikoba au za biashara, ungeandika "hela zangu" na jasho lako ungelitaja. Nyumba ya seremala ikikutwa na laki nne, mara nyingi ni advansi: mtu kaagiza mlango au kitanda, katanguliza pesa ya mbao. Kama ndivyo, hukutoa sadaka. Umetoa mali ya mteja usiyemjua, na mumeo ndiye anayejificha akimwona njiani. Na hata kama zilikuwa akiba yenu, mbona hukumwambia kabla? Nadhiri uliweka wewe, yeye ndiye aliyeilipa.

Watu wa namna hiyo Yesu aliwakuta. Soma Marko sura ya 7. Mtu alikuwa na wazazi wa kuwatunza, anasema mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na wakubwa wa dini wanamwacha asiwatendee tena wazazi wake neno lolote. Yesu hakuwasifu kwa kumweka Mungu mbele. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Na Paulo akimwandikia Timotheo anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, ni mbaya kuliko asiyeamini. Maneno hayo makali anaambiwa mtu wa kanisani, wala si mpagani.

Sasa huo mstari wako wa Mathayo 6:33. Wengi mnauimba nusu. Unasema "utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake". Ufalme mmeushika, haki mmeimeza. Haki ya fundi aliyeachiwa deni iko wapi? Na haki ya bibi mzee anayeamka alfajiri kuvalisha sare watoto ambao hakuwazaa yeye?

Maana nimehesabu siku zako. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa usiku kucha. Jumamosi nadhani umelala, Jumapili ibada. Mumeo amebakiziwa Jumatatu. Halafu unaniambia mama mkwe kaletwa akupeleleze! Mwanangu, yule kaletwa kwa sababu watoto walikuwa wanachelewa shule. Mpelelezi hachemshi uji.

Na hili la sebuleni umeliandika kwa haraka. Kwanza "nikijitenga kwa maombi", ndipo "analala sebuleni". Nani alianza kuondoka kitandani? Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mke na mume wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, wapate faragha ya kusali, kisha warudiane. Wamepatana, mwanangu. Wewe ulimpa mwenzio taarifa tu.

Unamdharau kwa sababu anasali Misheni "Jumapili tu, basi". Wewe mkazi wa Bagamoyo, pale unapapita tu? Mapadri waliofika mwaka 1868 hawakuishia kujenga kanisa. Walikomboa watumwa, wakawafundisha ufundi na kilimo, wakawaozesha na kuwapa makao kijijini kwao. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi alipewa mwenzi, nyumba na kazi ya mikono, na hayo yalihesabiwa kuwa kazi ya Mungu sawa na sala. Naye Bwana mwenyewe watu wa kwao walimwita seremala. Mumeo akipiga randa kutwa ili watoto wale, usiseme yuko nje ya ufalme.

Siku hizi naliona sana jambo hili kwenye ndoa. Zamani mtu akichoka na mwenzake alikwenda kwa somo yake, akasema amechoka. Leo anasema "mimi na Mungu wangu", na mbele ya neno hilo nani atamjibu? Mke analala mkeshani, mume naye anajificha kwenye vikao vya wazee wa kanisa hadi usiku, wote wanasifiwa madhabahuni, na nyumbani mtoto anakula mkate mkavu na chai ya rangi. Wanaume wafanyao hivyo nawaambia vilevile. Nasi watu wa pwani tuna neno la wazee: usiache mbachao kwa msala upitao, yaani usiutupe mkeka wako mkuukuu kwa ajili ya mkeka wa kuswalia unaopita tu. Ni neno la majirani zetu Waislamu, lakini Mkristo naye ana swali lake la kujibu hapo.

Usikemee roho yoyote. Muulize mumeo ile pesa ilikuwa ya nani, ukae kimya akijibu. Kisha uirudishe, hata kwa kukaanga samaki pale sokoni, hata ichukue mwaka. Kwaya chagua siku moja. Mkesha, mpatane; akisema mara moja kwa mwezi, shukuru. Sala ya jioni isalini nyumbani, wote, bibi akiwemo, na Jumapili moja fuatana naye Misheni bila kunong'ona kwamba hawajaokoka.

Anza Jumamosi hii. Amka kabla ya mama mkwe, umpikie uji yeye. Halafu niandikie tena, na safari hii useme hela za kabatini zilikuwa za nani.