Usinunue kamera kwanza mkuu, geti lako lina hadithi tayari

Mkuu nimesoma swali lako, kwamba una karakana ya kuchomelea mageti na madirisha huko Mbagala, umejibana mpaka umepata laki nane na unauliza ununue kamera gani maana video zako mtu anaangalia sekunde mbili anapita. Mi naomba hiyo laki nane ikae kwanza. Klipu uliyoweka hapo juu nimeiangalia, picha ya simu yako haina shida yoyote, mpaka michirizi ya brashi ya rangi inaonekana. Kinachokosekana ni sababu ya mtu kubaki. Geti limeisha, linang'aa, wimbo unapiga, namba ya simu hiyo hapo. Nimeshajua kila kitu, sasa nibaki nasubiri nini?

Kazi yangu mimi ni kuwarekodia wafanyabiashara wadogo wadogo hapa Dar, kwa simu tu, na kitu ninachokishikilia kuliko vyote ni kwamba video ianze na mtu anayetaka kitu na haijulikani kama atakipata. Taa, kamera, droni, hayo yote yanakuja nyuma sana.

Kuna mama mmoja anakaanga samaki pale Feri, kwenye soko la samaki, alitaka video ya biashara yake. Ilivyozoeleka ungemkuta yuko kwenye karai, mafuta yanachemka, "karibuni wateja wangu". Mi nikamwambia nakuja alfajiri kwenye mnada, kabla hujanunua. Video inaanza kashika noti zake anazihesabu, anasema kwa sauti ya chini "leo nina hizi tu, na vibua wamepanda". Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna wimbo. Afu nakata naenda kwa dalali ananadi ndoo, bei inapanda, namrudia mama usoni, hasemi kitu kabana mdomo. Ndoo ya kwanza ikampita. Ya pili ikampita. Hapo mtu aliyesimama kwenye daladala na simu yake hapitishi kidole, anataka ajue huyu mama leo anakaanga au anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho akaungana na mwenzie wakachukua ndoo moja wakagawana pale pale chini kwenye sakafu, mmoja kwako mmoja kwangu, na ndo kwanza karai linaonekana, ndo kwanza tunasema anauzia wapi. Wateja walivyoanza kuja walikuwa wanamuuliza "na yule mwenzio yuko wapi?". Yaani walimkumbuka mpaka mwenzie, na sidhani kama kuna mtu aliyekumbuka ubora wa picha.

Ukiangalia vizuri kila klipu pale ilibadilisha kitu, aidha mama kasogea karibu na samaki au karudi nyuma. Klipu ambayo haibadilishi chochote, hata iwe nzuri vipi, mi naifuta, jua lilikuwa linachomoza juu ya bahari siku ile, limependeza kweli, nikalitoa.

Sasa tuje kwako. Usirekodi geti lililokwisha, rekodi siku ya kwenda kufunga. Mafundi mnajua wenyewe, mnafika saiti mnakuta nguzo moja ya ukuta imelala, geti mlilipima kwa nguzo zilizonyooka, na mwenye nyumba anataka usiku alale kafunga. Kwenu hiyo ni kero ya kawaida kwa hiyo mnaweka simu mfukoni mpaka mmalize, wakati ndo hadithi yenyewe. Klipu ya kwanza iwe pimamaji umeiegesha kwenye nguzo, kile kipovu kimekimbilia pembeni, karibu kabisa mtu akione, na sauti yako inasema "nguzo imelala, geti halifungi, na mwenye nyumba anarudi saa kumi na moja". Hapo umeshamshika. Baada ya hapo mnalishusha kwenye kirikuu, mnalijaribisha linakwama chini, vijana wanaangaliana, mnakata bawaba, mnaongeza kipande cha fleti ba, kile chuma bapa, mnachomelea upya. Umeme ukikatika usizime simu, huo nao ni sehemu ya hadithi. Mwisho komeo linaingia kwenye tundu lake, uchukue kwa mbali kidogo, ile sauti ya chuma iache peke yake, usiifunike na wimbo, halafu ndo uweke namba.

Kuchomelea ukirekodi hivi hivi picha inakuwa nyeupe yote kwa sababu mwanga wa elektrodi unaizidi kamera. Chukua kioo cheusi cha ile helmeti ukiweke mbele ya lenzi, picha itakuwa ya kijani na utaona chuma kinayeyuka na kutembea kama uji. Watu wengi hawajawahi kuona hicho kitu maisha yao yote, we unakiona kila siku. Sekunde tano sita zinatosha.

Sauti nayo uiheshimu kuliko picha, mtu anavumilia picha ya ukungu ila sauti ya kukwaruza anaondoka. Saiti kuna grenda na jenereta, usijilazimishe kuongea pale. Rekodi maelezo yako usiku chumbani, maiki ya hedifoni za waya inatosha, kaa karibu na nguo zilizotundikwa maana zinameza mwangwi, na ongea kama unamsimulia mtu mmoja unayemjua. Ukiongea na "watazamaji wangu wapendwa" sauti inabadilika yenyewe inakuwa ya matangazo. Afu weka maandishi chini, CapCut, ile app ya kuhariri video, inatosha, wengi wanaangalia bila sauti.

Kama bado unaona simu haiwezi, mwangalie Kili Paul, kijana wetu wa Kimasai na shuka yake, nyuma kuna ng'ombe au nyasi tu, anafuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi. Ubalozi wa India hapa nchini ulimpa heshima Februari 2022. Ukimwona tu swali linakuja lenyewe, huyu kajulia wapi huu wimbo? Hajalitamka lakini limekukamata. Na Khaby Lame, kaachishwa kazi kiwandani Italia mwaka 2020, akaanza kutoa video chumbani kwake, zilizompa jina ni zile asizosema neno, Juni 2022 akawa ndo mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Kwake unabaki usubiri atatatuaje kile kitu kwa mikono yake mitupu.

Mdau hapo juu kasema upost kila siku. Sikubaliani nae, we ni fundi, una kazi za watu, hadithi moja kwa wiki iliyokamilika inakutosha. Urefu usikusumbue, YouTube wanakubali Shorts, zile video zao fupi, hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024 lakini ukiona ya kwako imeisha kwenye sekunde hamsini basi iache iishie hapo. Na ile habari ya subskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ili YouTube wakulipe achana nayo kwa sasa, hela yako iko kwa mtu anayejenga huko Chamazi anayetaka geti. Nyimbo za wasanii pia uache, akaunti ya biashara TikTok haikuruhusu kutumia nyimbo hizo zinazovuma, ina maktaba yake.

Kitu kimoja nakusisitiza sana. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, na hata akikubali usionyeshe mtaa, namba ya nyumba, wala kitasa kwa ukaribu kinavyofungwa kwa ndani. Unaonyesha dunia mlango wa mtu anaolalia na watoto wake. Vijana wako pia waulize, sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022, ila hata isingekuwepo uso wa mtu ni wake.

Kwenye hiyo laki nane toa hela ya stendi ya simu na kamaiki kadogo ka kubana kwenye shati, inayobaki nunua skwea paipu, yale mabomba ya mraba ya mageti, ufanye kazi. Ukipata saiti yenye nguzo iliyolala rekodi, uitupie hapa hapa kwenye uzi kabla hujaipost kwingine, nitaziangalia sekunde tano za mwanzo na sauti, nikupe maoni.