Rukia, kuhusu Salim na ufagio wa zahanati

Rukia mwanangu,

Salaam aleikum. Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Wauliza kama ni haki shule kumpeleka Salim kufagia zahanati kila Jumamosi na sisi karo ya bweni tushalipa yote. Kwanza usimlaumu mwalimu, huduma kwa jamii sasa ni somo la lazima gredi 10, na hawa walioingia Januari 2026 ndio wa mwanzo. Na sisi tulikuwa na Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana wa kujitolea, iko tangu 1966, una kijitabu chako kinatiwa saini kwa kila kazi mpaka upate beji ya shaba. Mimi nataka kujua jengine: mwenye zahanati ameulizwa ataka nini?

Maana mimi sikuuliza. Ami yako hukuhadithieni hii ya mikoko lakini huongeza chumvi. Nilikuwa fomu ya pili, basi la shule likatuleta Tudor, hapa Mombasa, maji yamekupwa, wanafunzi arubaini, wengi wa bara. Mwalimu akauliza nani ajua kupanda mikoko, mkono wangu ukawa wa kwanza, mtoto wa Mji wa Kale ati nisijue! Na wallahi mkoko niliujua boriti tu, kwenye dari la bibi. Mbegu yake ni kama kijiti kirefu cha kijani, huku nene ina ncha, huku nyembamba ina kishungi, nikaona nyembamba ndiyo itaingia topeni rahisi. Tukachomeka saa mbili nzima, matope magotini, picha zikapigwa, vitabu vikatiwa saini.

Tunaingia basini, mzee mmoja mvuvi akaing'oa mbegu moja, akaigeuza, akaizamisha thuluthi yake. "Wanangu, mumeipanda miguu juu." Hakucheka. Heri angecheka. Kisha akasema na hapo penyewe ndipo apitishapo dau lake.

Shule ilipofunga nikarudi pekee yangu na ndoo. Mzee akanionyesha pa kupanda, kule ndani ambako mawimbi hayapigi, tukapanda ishirini na kitu. Saba ziko mpaka leo, huenda kuzitazama, mamako asema nina mtu huko.

Ndio nasema kila siku, muulize mwenye pahali. Lakini hebu tazama, nisingelazimishwa ile mara ya kwanza, ningerudi? Sidhani. Kumbe lazima ina faida. Ah, lakini beji nilipewa kwa ile ya miguu juu, hizi saba hakuna aliyezitilia saini. Muulize mwenye pahali, basi. Ungenibana sana ningekwambia muache aende... hapana, ni mwanao, amueni na babake.

Ila akienda Jumamosi amuulize nesi kama shida yao ni kufagiliwa au ni kuchotewa maji.

Na ile beji iko droo ya chini ya kabati la mamako. Usimuonyeshe Salim.

Babako