Dawa ya Wamongolia ya mishipa ya fahamu, nimpe mamangu?

SWALI: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mamangu ana kisukari miaka mingi, anameza metfomini, sasa tangu mwaka jana nyayo zinamuwaka moto, usiku ndo balaa kabisa, hata shuka likimgusa anashtuka, na mchana anasema ni kama anakanyaga pamba. Panadol hazimfanyii kitu. Kuna jamaa yetu baharia amerudi na vidonge vidogo vyekundu kwenye mfuko wa nailoni, anasema ni dawa asili ya Wamongolia alinunua China, na ametwambia tumkande na vitu vya moto miguuni. Je nimpe? Na akianza hizo aache za hospitali?

JIBU: Waalaykum salaam dadangu. Mpe mama pole sana, haya maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, yana adha, watu wa nyumbani wasioyajua hudhani mtu anadeka na wala si kudeka.

Vidonge usimpe. Na za hospitali asiache. Nimeanza na hilo ili lisipotee katikati ya maneno.

Sisemi tiba ya Wamongolia ni uongo, ni elimu ya zamani kweli, sehemu kubwa ilitoka Tibet pamoja na dini ya Kibudha, wakaichanganya na yao ya ufugaji, na waganga wengi walikuwa watawa. Miaka ya 1930 serikali ya kikomunisti ya Mongolia ikabomoa nyumba za watawa, watawa kwa maelfu wakauawa, tiba yenyewe ikasukumwa pembeni mpaka kwenye 1990 ndo ikaanza kurudi wazi. Wao wanasema mwili unakwenda kwa mambo matatu, khii ambayo ni upepo, shar ni nyongo na badgan ni kohozi, moja likizidi mtu anaugua. Wazee wetu wa Lamu wanaosema mtu kaingiwa na baridi au upepo wangekaa nao barazani wakaelewana. Neva wanaziita mishipa nyeupe, na matibabu yao ni kuchua, kupiga chuku, kutoa damu, kuoga chemchemi za maji moto, na pia mbegu za viungo zinapashwa kwenye mafuta, zinafungwa kitambaa halafu zinakandwa sehemu maalum za mwili.

Sasa vidonge ndo habari nyingine. Baadhi ya dawa zao za maumivu, mfano ile inaitwa Garidi-5, zina mzizi wa akoniti. Huu mzizi unatuliza maumivu kweli kwa sababu unashika vijilango vinavyopitisha sodiamu kwenye neva, lakini vijilango kama hivyo ndo vinaendesha mapigo ya moyo pia, kwa hiyo dozi ikizidi kidogo tu midomo na ulimi vinakufa ganzi, mtu anatapika, moyo unaanza kwenda ovyo, na hakuna dawa maalum ya kuua hiyo sumu, madaktari wanabaki kuushikilia moyo mpaka ipite. Mganga aliyesomea analoweka na kuchemsha ule mzizi mpaka ukali upungue ndo anapima dozi, na anakaa na mgonjwa wake. Mfuko wa nailoni haukai na mtu. Halafu kuna dawa zao nyingine zinatiwa jiwe jekundu lenye zebaki ndani, na zebaki ikijaa mwilini inaumiza figo na neva zenyewe, yaani neva zile zile mnazotaka zipone, na mtu wa kisukari figo zake tayari ni za kuchungwa. Hivyo vyenu vina nini mimi sijui, wewe hujui, na huyo baharia hajui.

Na hili la moto miguuni naomba ulishike sana. Mama akisema anakanyaga pamba ina maana hisia zimeanza kuondoka, atawekewa kitu cha moto ngozi iungue na yeye asisikie, asubuhi mnakuta lengelenge, likigeuka kidonda kwa mtu wa kisukari ndo njia ya kwenda kukatwa mguu. Wamongolia wana baridi ya kugandisha mito, sisi Lamu mchanga wa saa saba peke yake unatosha kuunguza. Maji ya kumuosha pima wewe kwa kiwiko, asitembee pekupeku hata uani, na kila usiku chukua tochi ya simu uangalie nyayo na katikati ya vidole. Kumchua taratibu kwa mafuta ya nazi sawa, ila usipake katikati ya vidole, panabaki na unyevu panaoza.

Kliniki waombe kipimo cha sukari ya miezi mitatu, na uwaulize kuhusu vitamini B12, maana metfomini ikinywewa miaka mingi huishusha kwa baadhi ya watu na upungufu wake nao unaleta ganzi na kuwaka vile vile, watu wengi hawaambiwi hili. Kwa maumivu yenyewe waulize amitriptilini dozi ndogo ya usiku, au gabapentini, au pregabalini. Panadol haiwezi haya. Hizo huchukua wiki kadhaa na zinaleta kizunguzungu na usingizi, na kama mama ana shida ya moyo aseme mapema.

SWALI: Niko Malindi, nilipata mkanda wa jeshi mbavuni, vipele vilipona zamani ila panachoma mpaka leo. Naskia Wamongolia nao wanapiga chuku kama sisi, nipige hapo?

JIBU: Hapo penyewe usipige kaka, ile neva iliumizwa na virusi na ngozi yake haitaki hata shati, chuku itakutesa bure. Amitriptilini au gabapentini nilizotaja juu ndo zinatumika, muone daktari. Ukitaka kupiga sehemu nyingine hakikisha wembe ni mpya mbele ya macho yako kwa sababu ya homa ya ini, na kama unameza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, usichanjwe kabisa. Na kama uko chini ya miaka 50 pima na HIV, mkanda wa jeshi kwa mtu bado kijana hutaka kuangaliwa.