Mnara Ninauona, Intaneti Siipati

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilihamia kijijini kumtunza mama yangu, na kazi yangu ya kutafsiri hunilazimu kutuma mafaili kila siku. Usiku naiona taa ya mnara wa simu kilimani, na simu yangu huonyesha vijiti vitatu vya mtandao, lakini nikiwa ndani ya nyumba hata barua pepe yenye kiambatisho haiendi. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue kifaa cha kukuza mawimbi. Je, ninunue? Na ninapokuwa safarini nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usinunue chochote kabla ya kupima. Vijiti hivyo kila mtengenezaji wa simu huvipanga kwa kipimo chake, na havikuelezi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo. Katika simu nyingi za Android, ukifungua mipangilio na kutazama hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi ikiandikwa kwa namba hasi. Kwa 4G, namba iliyo karibu na -85 ni mawimbi mazuri, ilhali -115 ni mawimbi hafifu. Tofauti ya 10 tu katika namba hizo maana yake ni nguvu iliyozidi au kupungua mara 10, kwa hiyo zunguka nyumba nzima, toka uani, panda palipoinuka, na uandike unachokiona kila mahali. Paa la bati na kuta nene huzuia mawimbi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ikiwa nje kuna nafuu, tumia ruta ya laini ya simu, yaani kifaa kinachopokea intaneti ya laini na kuisambaza nyumbani kwa Wi-Fi, na uiweke dirishani upande wa mnara, au uiunganishe na antena iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa mnarani. Waya wa antena uwe mfupi, kwa sababu kila mita hupoteza sehemu ya mawimbi uliyohangaikia kuyapata. Hakikisha pia kwamba ruta inapokea mawimbi ya masafa ya chini, yaani kati ya megahezi 700 na 900, iwapo kampuni yako inayatumia, kwa kuwa ndiyo yanayofika mbali. Ya 1800 na 2600 hufifia mapema.

Lakini ikiwa namba haibadiliki na bado kasi ni nzuri alfajiri, mbovu jioni, basi mnara umeelemewa na watumiaji, na hapo hakuna antena wala kikuzaji kitakachokusaidia. Jaribu laini ya kampuni nyingine. Kikuzaji, zaidi ya hayo, katika nchi nyingi hakiruhusiwi bila kibali, kwa kuwa kikifungwa vibaya huvuruga mawasiliano ya majirani wote.

Pasipo na mnara kabisa, hubaki setilaiti. Zile za Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na mazungumzo hayacheleweshwi kama kwa setilaiti za kilomita 36,000, ila utahitaji anga wazi na umeme wa uhakika.

Safarini, beba laini mbili za kampuni tofauti, pakua ramani kabla ya kuondoka, na faili la haraka litume ukiwa mwinukoni, kabla gari halijateremka bondeni.