Maswali ya Wasomaji: Askari wa Keya walipitishaje saa zao za mapumziko huko Bama?

SWALI: Kwako Mhariri, salamu nyingi. Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na katika Vita vya Pili vya Dunia alipigana na Wajapani huko Bama, ambayo leo ni Myanmar. Bibi anasema aliondoka nyumbani hajui hata kuandika jina lake, akarudi mwaka 1946 anasoma gazeti na kupiga kinanda cha mdomo. Habari za mapigano nimezisoma kiasi, lakini sijapata maelezo ya jinsi askari wetu walivyopitisha wakati ambapo hawakuwa vitani. Je, walipata nafasi hiyo, na waliitumiaje?
Mjukuu wa Keya, Tanga

JIBU: Nafasi waliipata, tena kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Askari wa kwanza kutoka Afrika Mashariki walifika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1942, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, haikuingia Bama hadi katikati ya mwaka 1944. Miezi yote hiyo ilikuwa ya mazoezi, gwaride, zamu za ulinzi na kungoja. Hata katika bonde la Kabaw, ambako walisonga mbele kwenye matope na mvua kubwa hadi wakaufikia mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba 1944, zilikuwapo siku ambazo kombania ilirudishwa nyuma kufua nguo, kulala na kula chakula cha moto.

Mchezo uliokuwa rahisi kuliko yote ni bao, kwa sababu halikuhitaji kubebwa. Watu wawili walichimba mashimo 32 ardhini, safu nne za mashimo manane manane, wakatafuta kete 64 za mbegu au vijiwe, na wenzao wakachuchumaa pembeni kushangilia na kumfundisha kila mchezaji asichokiomba. Mpira wa miguu ulichezwa pia, hasa huko Ceylon, na siku za mapumziko kila kabila lilicheza ngoma yake huku makabila mengine yakitazama. Hayo sitayarefusha, kwa kuwa yanafanana na tunayoyajua nyumbani.

Linalonigusa zaidi ni hilo alilolisema bibi yako kuhusu kusoma. Jeshi lilikuwa na walimu wake Waafrika, waliofunzwa katika shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kisha wakagawiwa vikosini, na wao ndio waliowafundisha askari kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu na mambo ya dunia. Yalikuwapo pia magazeti ya Kiswahili: Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, pamoja na Askari na Heshima, ambayo jeshi lenyewe liliyatoa kwa ajili ya wanajeshi. Gazeti moja lilisomwa na watu wengi, na asiyejua kusoma alisomewa kwa sauti na mwenzake. Mtu aliyezaliwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na mwingine aliyezaliwa Uganda walilikalia gazeti hilohilo na kubishana juu yake kwa Kiswahili, ambacho kwa wote wawili kilikuwa lugha ya kujifunza. Kwa hiyo, ikiwa babu yako alirudi anasoma, yaelekea sana kwamba aliupata ujuzi huo katika saa zake za jioni.

Barua ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kutaka kujua kalamu. Askari asiyejua kuandika ilimbidi amwendee mwenzake ajuaye, akae karibu naye, na aseme mbele ya mtu mwingine maneno aliyokusudia mkewe peke yake. Barua ikishaandikwa, ilisomwa na afisa mkaguzi, ambaye alifuta jina la mahali na jambo lolote la siri ya jeshi. Ilipofika kijijini, mke naye, kama hakusoma, aliipeleka kwa mwalimu au kwa padri ili asomewe. Baina ya mume na mke walisimama watu watatu. Kila nikifikiri juu ya jambo hilo ninaona kwa nini askari aliyechoka na kulowa mvua alikubali kukaa chini tena kujifunza a, e, i, o, u.

Muziki ulikuwa na vikosi vyake maalumu. Jeshi liliunda kikundi cha burudani cha Waafrika kilichowafuata askari kuwapigia muziki na kuwachekesha, na mmoja wa wanamuziki waliopelekwa India na Bama ni Fundi Konde, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga gitaa mashuhuri wa Kenya. Lakini burudani haikuzuia mauti. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wengine, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilikuwa mchana, na baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza tamasha. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu 1,297 walipoteza maisha.

Likizo ya kurudi nyumbani ilikuwa adimu, kwa maana meli zilihitajika kwa mambo mengine, kwa hiyo waliopata livu waliimalizia India. Huko waliona miji mikubwa, wakaona pia kwamba mahali pa starehe palitengwa kwa rangi ya ngozi. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alieleza jinsi alivyokutana mjini Calcutta na askari Mweusi kutoka Marekani na kuzungumza naye juu ya hali ya watu weusi. Mazungumzo ya namna hiyo hayakuwamo katika ratiba ya jeshi, nayo yaliwafuata watu hadi makwao.

Kipindi kigumu kuliko vyote, kwa maoni yangu, kilikuja baada ya Japani kusalimu amri mwezi Agosti 1945. Vita vilikwisha, lakini meli hazikutosha, na askari wengi walikaa kambini miezi mingi wakihesabu siku. Mwaka 1946 aliorudi babu yako unalingana kabisa na historia hiyo. Mwombe bibi akuonyeshe cheti chake cha kuachishwa jeshi, kama bado kipo, kwa sababu namba na jina la kikosi chake vitakuonyesha alipita wapi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba ngoma ya beni ililetwa na askari waliotoka Bama?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Hapana. Beni ni kongwe kuliko vita hivyo. Ilianza katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mnamo miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliieneza bara pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo na sare. Waliotoka Bama walirudi na ladha nyingine, ya gitaa na dansi. Baadhi ya wanamuziki wa kile kikundi cha burudani walikaa pamoja hata baada ya kuvua sare, wakapiga muziki kwa jina la Rhino Boys. Na kifaru, kama wazee wa Keya wanavyokumbuka, ndiye aliyekuwa kwenye beji ya Divisheni ya 11.